Haki ya Njia na Riziki ya Mchuuzi

Usiku mmoja wa Alkhamisi, baada ya darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, alisimama kijana akatuuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu kwa neno moja. Alisema: "Sheikh, mama yangu auza viazi vya karai na bajia katika rukwama, ukingoni mwa barabara. Hana kibali. Ameomba mara tatu, na kila mara ameambiwa angoje. Je, pato lake ni halali? Na sisi tuliolelewa kwa pato hilo, hukumu yetu ni ipi?"

Kabla hajaketi, mzee mmoja mwenye macho dhaifu akainua mkono. Akasema: "Nami nina langu. Njia ya pembeni ambayo ndiyo yangu ya kuendea msikitini imejaa majiko na mabenchi. Mwezi uliopita nilishuka barabarani ili nipite, nikagongwa na pikipiki. Mguu huu nitamdai nani?"

Tuliwaomba wote wawili muhula wa juma moja. Tumerejea vitabu, tukaulizana na wenzetu, na haya ndiyo tuliyoyaona. Twayaandika hapa kwa kuwa suala hili si la watu wawili tu. Ni la kila mji wa nchi hii, na hapana mmoja wetu asiyekuwa ama ni mwenye kuuza, ama ni mwenye kununua, ama ni mwenye kupita.

Kwanza yatupasa tujue daraja ya kazi yenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hapana chakula alacho mtu kilicho bora kuliko kile alichokichuma kwa kazi ya mkono wake, na kuwa Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Ametufundisha pia kuwa mtu kuchukua kamba yake akabeba mzigo wa kuni mgongoni akauuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Mwenye kubeba kuni mgongoni na kuziuza ni nani, ikiwa si mchuuzi? Basi asiyemheshimu mtu kwa kuwa asukuma rukwama na ajikuta makaa, hamdharau mtu huyo peke yake, bali adharau jambo lililosifiwa na Mtume.

Na sisi watu wa pwani tuna sababu zaidi ya kulikumbuka hilo. Tumekulia kwa mlio wa vikombe vya muuza kahawa na buli lake la shaba, mahamri na mbaazi za asubuhi, muhogo wa kuchoma uliotiwa pilipili na ndimu, na madafu ya jua la adhuhuri. Katika mwezi wa Ramadhani, kibarua aishiye peke yake chumba cha kupanga angefuturu kwa nini, lau si sinia za kina mama walioketi njiani tangu alasiri? Wengi wetu tulisomeshwa chuoni kwa pesa za sinia hizo, ijapokuwa leo tumevaa kanzu nyeupe na hatupendi zinukie mafuta.

Lakini ubora wa kazi haumfanyi mwenye kazi kuwa na haki juu ya kila kitu. Hapa ndipo linapoingia la pili, nalo ni njia.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameitaja mas-ala hii katika Minhaj, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa madh-hab yetu ya Shafi hukipitia. Maana ya maneno yake ni kuwa manufaa ya asili ya barabara ni kupita. Walakini yajuzu kuketi humo kwa kupumzika na kwa biashara, maadamu hakuwadhikishi wapitao. Mwenye kuketi aweza hata kutandaza kivuli juu ya kikao chake. Wakitangulia wawili mahali pamoja, hupigiwa kura. Na aliyezoea kukaa mahali akaondoka kwa nia ya kurejea, haki yake haiondoki, illa akikawia hata wateja wake wakamwacha wakamzoea mwengine.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyopimwa miaka zaidi ya 700 iliyopita. Mchuuzi hakufukuzwa njiani kama mwizi, wala hakuachiwa njia kama mwenye mali. Amepewa haki yenye mpaka, na mpaka wenyewe ni mguu wa mpitaji. Pale mguu wa mpitaji unapokosa pa kukanyaga, haki ya mchuuzi imekwisha, awe ana kibali au hana.

Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 wa Miladi, katika Ihya ameyahesabu maovu ya njiani moja moja. Ametaja kuweka kuni na mizigo mahali panapowadhikisha watu, kufunga wanyama njiani zaidi ya kadiri ya haja, mchinjaji kuchinja mbele ya duka lake akaichafua njia kwa damu, na kutupa maganda ya matikiti yakamtelezesha mtu. Lau angepita leo katika soko letu lolote jioni, angehitaji kuongeza machache tu: mafuta machafu yamwagwayo mtaroni, na mifuko ya plastiki.

La tatu ni amana ya chakula. Mwenye kuuza kitambaa kibovu amekula pesa ya mnunuzi. Mwenye kuuza chakula kibovu huenda akala roho yake. Wanavyuoni wa hisba, yaani usimamizi wa masoko, waliliona hilo mapema. Shayzari, aliyeandika katika karne ya sita ya Hijra, amemtaka mkanda unga avae nguo ya mikono iliyobana, afunike mdomo wake asije akapigia chafya katika unga, na afunge kitambaa kipajini jasho lisidondoke. Wakaanga samaki amewataka waoshe vikapu na sinia zao kila siku. Hakuyapata haya kwa wageni, wala hayakuletwa na serikali ya kikoloni. Ni fikihi yetu wenyewe, tuliyoiacha rafuni ikaliwa na mchwa.

Leo elimu imetuongezea sababu. Twajua kuwa kipindupindu na homa ya matumbo huenda kwa maji machafu na mikono isiyooshwa, na mwaka 2022 kipindupindu kilizuka tena katika nchi hii. Shirika la Afya Ulimwenguni hufundisha kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachongoja kuliwa kiwekwe moto wa zaidi ya digrii 60. Basi Bwana Afya akimtaka mshika chakula apimwe kila miezi 6, awe na maji safi na mahali pa kutupa taka, hamdhulumu. Amtaka atimize amana ambayo angeitimiza hata lau hapana serikali.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe linalogombaniwa, nalo ni kibali na amri za miji.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia masoko na leseni za biashara, na kazi ya kuzipa vibali na kuzichunga shughuli zinazouzia watu chakula. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 43, imetamka kuwa kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Kwa hivyo mkono mmoja wa sheria wamzuia mchuuzi, na mkono mwengine wamtetea. Sheria si mbovu kwa ajili hiyo. Twaitaja ili ijulikane kuwa mwenye kuzitekeleza amepewa mizani ya vitanga viwili, si rungu.

Mtu atasema: Nawawi amesema katika mas-ala hii kuwa idhini ya imamu si sharti, basi kibali cha nini? Twajibu: Ni kweli amesema, nasi hatulifichi. Lakini miji ya zama zile haikuwa na magari, wala maelfu ya watu wanaoteremka matatu mahali pamoja kwa saa moja. Na wanavyuoni wetu wamesema pia kuwa mtawala akiamrisha katika jambo la mubaha kwa ajili ya maslahi ya watu wote, kumtii huwa wajibu. Amri ya kutoweka rukwama mbele ya mlango wa hospitali, au katika kivuko cha watoto wa skuli, ni katika jumla hiyo. Mwenye kuivunja kwa kusudi hana hoja kwa Nawawi, kwani amewadhikisha wapitao, na Nawawi hakumruhusu.

Mwengine atasema: Basi kila amri ya mji ni wajibu, na kila aliye kinyume nayo ni mkosa. Huyu naye amekosea. Neno "kwa ajili ya maslahi" ndilo nguzo ya hukumu hiyo, na nguzo ikianguka nyumba haisimami. Sisi twaona amri ya namna hii haiwi ya uadilifu illa ikitimiza mambo manne.

La kwanza, izuie madhara, isizuie ufukara usionekane. Kumwondoa mtu kwa kuwa amezuia njia ni haki. Kumwondoa kwa kuwa waja wageni wakubwa na umasikini wake waharibu sura ya mji, ni kuosha uso wa maiti.

La pili, iwezekane kutiiwa. Ukimwambia mtu asiuze bila ya kibali, kisha vibali huvitoi, hukumwekea sheria, umemwekea mtego. Mji wa New York, pamoja na utajiri wake, uliweka mpaka wa idadi ya vibali vya rukwama za chakula tangu miaka ya 1980. Haikukawia, kibali kilichotolewa na mji kwa dola 200 kwa miaka 2 kikawa chakodishwa kwa siri kwa maelfu ya dola, na anayesimama juani hakuwa na kibali, bali alimlipa mwenye nacho aliyelala nyumbani. Mwaka 2021 ndipo baraza la mji huo lilipopitisha sheria ya kuongeza vibali kidogo kidogo. Uhaba uliotengenezwa kwa kalamu haukumwondoa mchuuzi njiani. Ulimtajirisha dalali tu.

La tatu, ushuru wake uwe badali ya kitu. Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 wa Miladi, ameeleza kuwa mtawala aweza kusimamia vikao vya njiani, lakini haimpasi kuchukua ujira kwa kule kuketi. Sisi hatusemi kaunti zisitoze kitu. Mwenye kufagia, kuleta maji, kuweka taa na kuchukua taka ana gharama, na gharama hulipwa. Lakini anayetoza kila asubuhi na hafagii, haleti maji, wala hachukui taka, na ajiulize yeye mwenyewe pesa zile ni badali ya nini.

La nne, adhabu yake isipite kosa. Faini yenye kiwango kinachojulikana, kwa stakabadhi, ni adhabu. Kumwaga mafuta ya moto chini, kupindua sinia, kutwaa chakula cha mtu na kukigawana garini, si adhabu bali ni unyang'anyi, ijapokuwa aliyefanya amevaa sare. Chakula kilichotwaliwa hivyo ni haramu kwa akilaye. Askari Mwislamu anayekipeleka kwa watoto wake na alijue hilo leo.

Tumeona mwisho wa kuidharau mizani hii. Tarehe 17 Disemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, Tunisia, kijana muuza matunda aitwaye Mohamed Bouazizi alinyang'anywa mali yake ya biashara. Akaenda kulalamika, hakusikilizwa, akajichoma moto mbele ya ofisi ya serikali. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku 10 baadaye rais wa nchi ile alikimbia. Alilojifanyia nafsi yake dini imelikataza, nasi twamwombea rehema ya Mola wake. Lakini watawala wasikimbilie kukitazama kitendo chake wakaacha kuitazama rukwama yake.

Na tumeona pia kuwa njia nyengine yawezekana. Singapore iliwaandikisha wachuuzi wake mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha ikawajengea mabanda yenye maji na mitaro, ikawahamisha kidogo kidogo hata ikamaliza mwaka 1986. Leo vituo vile ni fahari ya nchi, na mwaka 2020 UNESCO iliutia utamaduni wake katika orodha ya urithi wa binadamu. India nayo ilipitisha sheria mwaka 2014 ya kwamba wachuuzi wahesabiwe kwanza kabla ya kuondoshwa, na kwamba katika kamati ya mji inayopanga mahali pa kuuzia, wachuuzi wenyewe wawe si chini ya asilimia 40. Utekelezaji wake una kasoro nyingi, lakini msingi wake ni sawa na shura tuliyoamrishwa: anayehukumiwa na jambo aulizwe.

Sasa twamjibu kijana wetu. Pato la mama yako, maadamu viazi vyake ni safi, mafuta yake hayakuharibika, na hamdanganyi mtu, ni halali. Kukosa kibali ni jambo lililo nje ya mauzo yenyewe, na haliyabatilishi. Katika madh-hab yetu, mwenye kuuza baada ya adhana ya Ijumaa amepata dhambi kwa kuiacha sala, walakini mauzo yake yamesihi. Seuze aliyeomba mara tatu akanyimwa pasina sababu? Lawama ya kungojeshwa iko kwa anayengojesha. Lakini mwambie mama asiache kuomba, na rukwama yake aisogeze mpaka mtu mwenye fimbo na mtoto mkononi waweze kupita pamoja. Akikataa kusogea, ana dhambi ya kuidhikisha njia, na hata akipewa vibali kumi dhambi hiyo haiondoki. Kibali hakihalalishi madhara, kama vile kukosa kibali hakuharamishi riziki.

Ama kutoa rushwa ili aachwe alipo: akiwa amezuia njia, yeye na mpokeaji wameshirikiana katika dhambi. Na akiwa hakudhuru mtu, naye adaiwa pesa ili asipigwe, basi wako wanavyuoni waliosema kuwa dhambi ni ya mpokeaji. Lakini sisi twamnasihi asiifanye kuwa ada, kwani mbwa aliyelishwa mlangoni hatoki mlangoni.

Na mzee wetu twamjibu: Una haki, na haki yako ndiyo ya asili. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kuketi njiani. Waliposema hawana budi na vikao vyao, akawataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia maudhi. Kuondosha kinachoudhi njiani ni tawi la imani, basi kukiweka hapo ni nini? Aliyekuzibia njia ana jukumu la mguu wako mbele ya Mwenyezi Mungu. Na walioona njia imezibwa mwaka baada ya mwaka wakanyamaza, nao wana sehemu yao.

Hapa yatubidi tujitaje sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita, mlango wa msikiti tunaosalia ulikuwa umejaa sinia na majiko, na wazee walipata taabu kuingia. Tuliandika barua kwa wenye mamlaka, na katika waliotia sahihi ni sisi. Tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hatukuwakusanya wachuuzi kuzungumza nao hata mara moja, ingawa walikuwa hatua tano kutoka kizingiti chetu na tukinunua kwao kila jioni. Walikuja askari kwa lori, wala hawakutoa onyo. Tulitoka sala ya Alasiri tukakuta unga na mafuta yametapakaa chini, na bibi mmoja aliyekuwa akiuza muhogo aokota vipande mchangani na kuvitia katika upindo wa buibui lake. Mlango ukawa mweupe. Bibi yule hatukumwona tena, na haya kubwa zaidi ni kuwa hatukuuliza jina lake wala anakoishi, hata tukaweza kumtafuta. Tumepata njia ya kuingilia msikitini, na hatujui tumeilipia kwa njaa ya nani.

Kwa hivyo nasaha yetu haiendi kwa wengine tu. Misikiti yetu ina viwanja na nyumba za wakfu. Kamati zaweza kutenga sehemu ya uwanja, zikaweka bomba la maji na pipa la taka, zikawaalika wachuuzi wa mtaa kwa sharti la usafi na la kufunga wakati wa sala. Wachuuzi nao wajifanyie chama, wachague mtu wa kusema kwa niaba yao, na wachore mstari wao wenyewe chini wasiuvuke, kabla hawajachorewa na mwengine. Wanunuzi wasinunue kwa aliyeziba njia, kwani mteja ndiye anayemweka pale. Na wenye kupitisha amri za mji wakae nusu siku kando ya rukwama moja, kabla ya kuandika kifungu kimoja.

Kijana aliposikia majibu haya alituuliza: "Na mstari huo, nani atamwonyesha mama pa kusimama?" Tuliona haya kumjibu kwa kitabu. Jumamosi asubuhi tulikwenda naye, pamoja na mzee na fimbo yake, tukapima. Rukwama ilisogea hatua mbili nyuma, na benchi likageuzwa upande wa ukuta. Mzee akapita, akarudi, akapita tena, kisha akanunua viazi. Kibali bado hakijatoka, na barua ya nne tumeiandika sisi, tukatia sahihi chini yake kama tulivyotia katika ile ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.